Fahamu: Sola ya nyumbani Kitengela hurudisha pesa baada ya muda gani?

Jua la Kajiado, kaunti iliko Kitengela, ni mtaji. Hapa paneli za kilowati 1 huzalisha takriban yuniti 4 kwa siku.

Tupige hesabu. Chukulia familia ya Kitengela imelipa shilingi 325,000 kwa paneli, inveta, betri ya lithiamu na ufundi. Ikiokoa yuniti 6 kila siku, kwa shilingi 30 kila yuniti, haitumii shilingi 180 za tokeni. Kwa mwaka ni takriban 65,000. Pesa zitarudi baada ya miaka 5.

Paneli hudumu miaka 25 au zaidi, lakini betri huchoka mapema na hula sehemu kubwa ya gharama. Kwa hiyo fua, piga pasi na pampu maji mchana, ili betri ibaki ya taa na friji usiku.

Je, unaweza kuiuzia Kenya Power umeme wa ziada? Sheria ya Kawi ya 2019 inaruhusu kuupeleka kwenye gridi, lakini malipo yake ni punguzo kwenye bili, si fedha taslimu.

Kabla ya kulipa, dai fundi mwenye leseni ya mamlaka ya kawi, EPRA, na dhamana iliyoandikwa. Kazi mbovu huua faida yote.