Je, Wajua? Makali ya Sengenya

Agosti 2020 wanamuziki wawili wa Nairobi waliojiita Duma walitoa albamu yenye jina lao chini ya lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Mayowe na midundo ya kasi! Mashabiki wakakosa neno moja la kuiita: panki, metali au kitu kipya kabisa?

Aliyekulia Msambweni, pwani ya Kenya, hashtushwi na makali kama hayo. Kwenye sengenya, ngoma ya Wadigo na Waduruma, mpuliza nzumari (aina ya zumari) hujaza upepo mashavuni, akavuta pumzi puani huku akiendelea kupuliza, na mlio haukatiki. Chini yake ngoma kubwa na ndogo zinajibizana. Ukisimama karibu, kifua chako kinatetema. Sengenya nayo inastahili kubishaniwa usiku kucha.