Siri ya maisha marefu haimo ndani ya tembe pekee

MTUMISHI wa umma nchini Kenya hustaafu anapotimiza umri wa miaka 60, baada ya serikali kuuongeza umri huo kutoka miaka 55 mnamo mwaka wa 2009. Siku ya kuagana, wenzake humwandalia karamu, wakampa zawadi na kumtakia maisha marefu huko mashambani.

Hata hivyo, si mara moja wala mbili ambapo wenzake hao hukutana tena baada ya muda mfupi, safari hii wakimchangia gharama za hospitali au za mazishi. Kila mmoja huuliza: "Si alikuwa buheri wa afya alipoondoka hapa?"

Sehemu ya jibu ni kwamba kazi, licha ya uchovu wake, ilikuwa ikimpa mambo ambayo hakuyahesabu kuwa kinga. Ilimtembeza hadi kituo cha matatu, ikampangia saa za kula na kulala, ikamkutanisha na watu na kumpa sababu ya kuamka. Anapostaafu, yote hayo humponyoka kwa siku moja.

Shirika la Afya Duniani (WHO), katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka wa 1948, lilieleza kwamba afya ni ukamilifu wa hali ya mwili, akili na maisha ya kijamii, wala si kukosa maradhi tu. Kwa hivyo, anayetamani miaka mingi yenye furaha sharti ayatunze yote matatu kwa pamoja.

Tuanze na mwili. Mnamo 1953, Dkt Jerry Morris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu wahudumu wa mabasi ya ghorofa jijini London. Madereva, walioketi kutwa, walipatwa na maradhi ya moyo zaidi kuliko makondakta, ambao kazi yao ilikuwa kupanda na kushuka ngazi wakikata tiketi. Tangu wakati huo, tafiti nyingi zimeonyesha manufaa ya kuushughulisha mwili. WHO hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma, yaani kutembea kwa kasi nusu saa kwa siku tano.

Kuhusu lishe, mkoa wa Okinawa nchini Japani una funzo. Wazee wake walisifika kwa kuishi miaka mingi wakila viazi vitamu, mboga na soya, na kuacha kula kabla ya kushiba kabisa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili vya Dunia, vyakula vya mafuta na vya haraka vilienea huko, na magari yakachukua nafasi ya miguu. Takwimu za mwaka wa 2000 zilipotolewa, wanaume wa Okinawa walikuwa wameshuka hadi nafasi ya 26 kati ya mikoa 47 kwa matarajio ya kuishi.

Nasi tuna mnavu, kunde, mchicha na viazi vitamu, lakini wengi wetu tumevibadilisha kwa chipsi na soda. Isitoshe, chumvi haifai kuzidi gramu tano kwa siku, sawa na kijiko kimoja cha chai.

Aidha, watu wa Okinawa wana vikundi viitwavyo moai, vilivyoanza kama vyama vya kuchangiana fedha, mithili ya vyama vyetu. Wanachama hujuliana hali kwa miaka mingi. Nchini Marekani, utafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard ulioanza 1938 ulibaini kwamba walioridhika na mahusiano yao walipokuwa na umri wa miaka 50 ndio waliokuwa na afya bora zaidi walipofika miaka 80. Upweke, kwa upande wake, hudhoofisha mwili na akili.

Haya hayamaanishi kwamba dawa zitupwe. Shinikizo la damu mara nyingi halina dalili, hivyo ni muhimu kupimwa hata mtu asipougua. Vilevile, aliyeandikiwa tembe asiziache kwa sababu tu ameanza kutembea, bali ashauriane kwanza na daktari wake.

Wengi wetu tulio katika miaka ya hamsini tunajua pensheni yetu itakuwa shilingi ngapi. Ni wachache wanaojua kiwango cha shinikizo lao la damu, au watazungumza na nani Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu. Hesabu hiyo nayo yafaa ifanywe mapema.