Kukadiria Mtiririko wa Kilele katika Vidakio Vidogo vya Mijini: Tatizo la Mvua ya Muda Mfupi

Ukubwa wa kalavati au mfereji wa mtaani hutegemea namba moja: kiasi kikubwa kabisa cha maji kitakachofika hapo kwa sekunde. Kwa vidakio vidogo vya mijini namba hiyo hukadiriwa kwa fomula Q = CiA/360, ambayo msingi wake ulielezwa na Mulvaney huko Ayalandi mwaka 1851 na kutumiwa na Emil Kuichling nchini Marekani mwaka 1889. Q ni mtiririko wa kilele (mita za ujazo kwa sekunde), C ni sehemu ya mvua inayogeuka kuwa mtiririko, i ni ukali wa mvua (milimita kwa saa) na A ni eneo (hekta).

Wepesi wa fomula hii unahadaa. A hupimwa kwenye ramani; C, pamoja na mabishano yote yanayoizunguka, haiwezi kuzidi 1. Hatari kubwa zaidi imo katika i. Ukali unaotakiwa ni wa mvua inayodumu kwa muda wa mkusanyiko, yaani muda ambao maji hutumia kutoka sehemu ya mbali kabisa (mbali kwa muda, si lazima kwa mita) hadi mwisho wa kidakio. Mjini muda huo ni dakika chache, ilhali vipima mvua vingi husomwa mara moja kwa siku.

Kwa Afrika Mashariki pengo hilo huzibwa kwa uhusiano uliotolewa na maabara ya utafiti wa barabara ya Uingereza, TRRL, mwaka 1974:

Rt = R24 × (t/24) × [(24 + b)/(t + b)]ⁿ

ambapo t huhesabiwa kwa saa na b ni 0.33. Kipeo n ni takriban 0.96 kwa maeneo ya bara na 0.76 kwa ukanda wa pwani, kwa kuwa mvua ya pwani husambaa zaidi katika saa za siku.

Tuchukue kidakio cha kufikirika cha hekta 40 jijini Dar es Salaam, chenye C ya 0.6, mvua ya siku ya milimita 100 na muda wa mkusanyiko wa dakika 30. Kwa kipeo cha pwani, i ni takriban milimita 54 kwa saa na Q ni 3.6. Mtafiti akichukua kipeo cha bara bila kuhoji, i hufika 107 na Q 7.1: mfereji maradufu, kwa fedha za umma. Kinyume chake, mabati na sakafu za saruji zikipunguza muda wa mkusanyiko hadi dakika 15, Q ya pwani hupanda hadi 4.8 hata kabla ya C kubadilishwa. Tasnifu nyingi huongeza C kwa ajili ya ujenzi mpya na kuuacha muda ulivyokuwa. Hilo ni nusu ya kazi.

Waandishi wengi huishia takriban hekta 80 kwa fomula hii. Zaidi ya hapo, maji yanayotuama njiani hayawezi kupuuzwa. Aidha, Q ni maji yanayoufikia mfereji. Mfereji uliojaa mchanga na taka unahitaji hesabu nyingine.