Foleni haimalizwi kwa lami

BRUSSELS: Gare du Midi ni stesheni ya treni za kwenda Paris, London na Amsterdam. Chini yake kuna metro na tramu, nje kuna mabasi. Sisi tunaoishi ughaibuni tunapita hapa mara kwa mara, na kila mara tunajiuliza: kwa nini foleni ikizidi nyumbani, dawa ya kwanza inayotajwa ni kupanua barabara?

Tusidanganyane, Brussels nayo ina foleni. Barabara ya mzunguko, R0, hujaa magari asubuhi na jioni. Sababu mojawapo ni kodi: kwa miaka mingi sheria za Ubelgiji zimewapa nafuu waajiri wanaowapa wafanyakazi gari badala ya nyongeza ya mshahara.

Mwaka 2011 wachumi Gilles Duranton na Matthew Turner walichapisha utafiti kuhusu miji ya Marekani. Waliona kwamba barabara kuu zikiongezwa, mwendo wa magari nao huongezeka karibu kwa kiwango hicho hicho. Wenye magari huendesha zaidi, malori huongezeka, na wakazi wapya huhamia.

Wakenya hawahitaji kusimuliwa. Barabara ya Thika ilipofunguliwa mwaka 2012, Ruiru na Juja zilijaa nyumba za kupangisha, na foleni ikarudi. Mwaka 2022 ikaja Nairobi Expressway, barabara ya kulipia ya kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands. Mwenye fedha anapita juu, na abiria wengi wa matatu wamebaki chini.

Hata reli haitoshi peke yake. Treni ya SGR iliyoanza mwaka 2017 kati ya Mombasa na Nairobi humshusha abiria Syokimau, mbali na katikati ya jiji, na hapo inambidi atafute usafiri mwingine. Anayeshuka Midi huteremka ngazi tu akapanda metro.

Dar es Salaam ilichagua njia nyingine. Mwendokasi ulianza mwaka 2016 ukiwa na njia zake wenyewe, na basi moja refu hubeba zaidi ya watu mia moja. Lakini njia bila mabasi ya kutosha haimfikishi mtu kazini, na malalamiko ya abiria kusubiri vituoni yamesikika miaka nenda miaka rudi.

Midi nayo ina gharama zake. Ili kuiunganisha kwa reli na stesheni ya Kaskazini, mitaa mizima ya katikati ya jiji ilibomolewa, na njia hiyo ikafunguliwa mwaka 1952. Treni za kasi zilipokuja miaka ya 1990, ilipangwa mitaa ya jirani igeuzwe maofisi. Wakazi, wengi wao wahamiaji, waliishi miaka bila kujua nyumba zao zingebomolewa lini. Waliovunjiwa nyumba mwaka 2017 kati ya Kimara na Kibaha, kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro, wanayajua maumivu hayo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kiongozi akija kukata utepe, usimuulize barabara ina njia ngapi. Muulize itapitisha watu wangapi kwa saa, nauli itakuwa kiasi gani, na aliyebomolewa nyumba atalipwa nini, na lini.