Chambo kisicho na mdomo: Kwa nini kinatamba Oktoba na kuleta balaa Julai

Oktoba ikifika, boti nyingi za wavuvi kwenye Bwawa la Table Rock, kusini magharibi mwa jimbo la Missouri nchini Marekani, huacha maji makubwa na kujazana kwenye vijito vya pembeni. Kinachowavuta huko ni visamaki vidogo aina ya shadi. Maji ya juu yakianza kupoa, shadi huingia vijitoni kwa makundi, na besi, samaki anayesakwa kuliko wote hapo, huwafuata nyuma.

Huo ndio msimu wa chambo bandia kisicho na mdomo. Ni kisamaki cha plastiki, bapa ubavuni, chenye ndoana mbili za meno matatu matatu na vigololi tumboni vinavyolia kama njuga kikivutwa. Maarufu zaidi ni Rat-L-Trap.

Kwa nini "hakina mdomo"? Vyambo ndugu zake vina kijiulimi cha plastiki mbele. Ukivuta, maji yanakisukuma kijiulimi na chambo kinazama hadi kina fulani, basi, hapo ndipo mwisho wake. Hiki hakina kijiulimi. Ukiacha kuvuta, kinazama. Ukivuta haraka, kinapanda.

Yaani kina anakichagua mvuvi mwenyewe. Anarusha, anahesabu moja, mbili, tatu, ndipo anazungusha rili. Samaki akikamata kwenye hesabu ya tano, mrusho unaofuata anahesabu tano tena.

Kwenye bwawa la maji mafupi hilo ni jambo dogo. Table Rock si la hivyo. Lilitokana na Kikosi cha Wahandisi cha Jeshi la Marekani kuuziba Mto White kwa ukuta uliokamilika mwaka 1958, na karibu na ukuta huo kina kinapita mita 60. Maji ni maangavu, na chini bado kuna miti iliyobaki imesimama bonde lilipofurika. Besi wa mita 2 mwezi huu anaweza kuwa mita 10 baada ya miezi michache.

Baridi kali ikiingia, mvuto unabadilika kabisa. Maji yakishuka chini ya nyuzi 7 hivi za Selsiasi, shadi wengi hulegea na kufa, wakizama polepole huku wakitetemeka. Mvuvi anaigiza hicho kifo: anainua fimbo, kisha anaacha chambo kianguke. Besi hudaka mara nyingi wakati wa kuanguka, kwa hiyo macho yawe kwenye mshipi. Ukilegea ghafla au ukisogea pembeni, tayari.

Mwishoni mwa baridi, kabla ya besi kutaga, rangi nayo inabadilika. Sasa chambo chekundu au cha kahawia ndicho kinachotafutwa, kwa sababu kinafanana na kamba wa maji baridi, wale wenye magando, wanaotambaa kwenye mawe. Msomaji wa Naivasha hatashangaa: besi waliletwa ziwa hilo kutoka Marekani mwishoni mwa miaka ya 1920, kamba mwekundu wa Louisiana akafuata mwaka 1970, na besi wakamfanya mlo.

Kelele nazo zina kipimo. Kwenye maji maangavu, njuga zikizidi zinamshtua samaki, ndiyo maana wengine hubeba chambo kisicholia kabisa.

Julai mambo yanageuka

Kiangazi, bwawa linagawanyika: maji ya moto juu, ya baridi chini. Besi wengi wanashuka na kutulia kwenye vilele vya ile miti iliyozama. Je, chambo hiki kinaweza kuwafikia? Kinaweza, kwani kinazama tu. Tatizo la kwanza ni matawi: meno sita ya ndoana kwenye mti uliozama, hapo umekiaga chambo chako.

Tatizo kubwa ni samaki mwenyewe. Mita 10 chini, mgandamizo ni mara mbili ya ule wa juu. Ukimpandisha besi haraka, hewa iliyo kwenye kibofu chake inataka kutanuka mara mbili. Anafika juu tumbo limevimba, na ukimwachia anashindwa kuzama. Anabaki akielea kiubavu juani, mawindo rahisi ya ndege.

Na kuachia si hiari. Kanuni za Missouri zinataka besi wa Table Rock aliye chini ya inchi 15, yaani sentimita 38, arudishwe majini mara moja. Kwa hiyo mtu anaweza kufuata sheria neno kwa neno, na samaki bado akafa.

Wapo wanaotoa hewa kwa sindano maalumu ubavuni. Kazi hiyo inataka mkono uliofundishwa, kwani ukikosea umechoma viungo vya ndani. Njia yenye nafuu ni kutowagusa wa chini na kudamka mapema. Alfajiri za kiangazi, makundi ya besi hupanda kuwafukuza shadi hadi maji yakatokota. Chambo hiki ni kizito kwa umbo lake, kinaruka mbali, na kinafika penye vurugu bila boti kuwatawanya samaki. Hapo hakuna kuhesabu: kikigusa maji tu, rili inazunguka.