Dubu wa Kahawia, Chui na Fisi: Utafiti wa Wanyama Wakali na Suala la Fidia Kandokando ya Ziwa Mburo

Barani Afrika leo hakuna dubu wa porini. Dubu wa Milima ya Atlasi, tawi la mwisho la dubu wa kahawia katika bara hili, alitoweka katika karne ya 19. Msomaji ana haki basi ya kuuliza dubu anatafuta nini katika makala yanayohusu Mbarara na Nakivale. Ametajwa kwa sababu ni miongoni mwa wanyama wakali waliochunguzwa kwa muda mrefu zaidi duniani, na maswali aliyowalazimisha watafiti wa kaskazini kuyajibu ndiyo yanayowakabili wafugaji wa Kiruhura na Isingiro kuhusu chui na fisi.

Uzazi wa dubu ni wa polepole. Jike hupandwa kati ya Mei na Julai, lakini kiinitete hakijishikizi katika mji wa mimba hadi mnamo Novemba. Watoto, wenye uzito wa takriban nusu kilo tu, huzaliwa pangoni katikati ya baridi, wakati mama hali wala hanywi. Kwa hiyo kifo cha jike mmoja ni hasara isiyozibika upesi. Huko Skandinavia, ambako dubu wamefuatiliwa tangu 1984, jambo la kushangaza lilidhihirika. Sheria ya Uswidi inakataza kumwinda jike aliye na watoto. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba majike wanaokaa na watoto wao miaka miwili na nusu, badala ya mmoja na nusu, wameongezeka, kwa kuwa mtoto amekuwa ngao ya mama. Kanuni iliyoandikwa na binadamu imebadili malezi ya mnyama. Anayetunga sera aisome sentensi hiyo mara mbili.

Kuhesabu nako kuna funzo. Katika jimbo la Montana, Marekani, mwaka 2004, watafiti walizungushia seng'enge mahali penye chambo, wakakusanya nywele zilizonaswa na kuzitambua kwa vinasaba; wakakadiria dubu 765 bila kumshika hata mmoja. Katika Hifadhi ya Taifa ya Ziwa Mburo hesabu hufuata hisabati ileile ya kumtambua mnyama mmoja mmoja na kupima ni mara ngapi anarudi. Tofauti ni kwamba nywele hazihitajiki: madoa ya chui, kama yale ya fisi madoa, hayafanani kati ya mnyama na mwenzake, na kamera za kutegea zinatosha.

Hifadhi hiyo ilitangazwa mwaka 1983, na wafugaji walifukuzwa. Serikali ilipoanguka mwaka 1985 walirejea kwa hasira, na wanyama wengi wakauawa. Baadaye eneo lilipunguzwa hadi kilomita za mraba 260 hivi. Simba walikwisha. Walioachiwa uwanja ni chui, anayewinda peke yake, na fisi, anayeishi katika koo zinazotawaliwa na majike. Wote wawili hutoka hifadhini usiku na kuingia katika ranchi za jirani.

Ukingoni mwa hifadhi palikuwa na mpango wa kuwalipa wafugaji fidia kwa mifugo iliyouawa. Kumbukumbu za mwaka 2009 hadi 2018 zilipochambuliwa, ilibainika kuwa fisi walihusika zaidi kuliko chui, na kwamba migogoro iliongezeka licha ya malipo hayo. Kwa maoni yetu hilo halipaswi kumshangaza mtu. Fidia ya mzoga hulipa kifo. Haimpi mfugaji sababu ya kutaka fisi awepo kesho, wala haimhimizi kuimarisha zizi. Sheria ya Wanyamapori ya Uganda ya mwaka 2019 imeiingiza fidia katika utaratibu wa taifa, na udhaifu huo unaweza kuingia pamoja nayo.

Uswidi ilichagua njia nyingine. Tangu 1996 jumuiya za Wasami, wafugaji wa kulungu wa kaskazini, hazilipwi kwa idadi ya mizoga. Kwa linksi malipo hufuata uwepo na uzazi wake katika eneo la jumuiya. Kwa dubu hufuata ukubwa wa eneo. Mfugaji anayepunguza hasara kwa ulinzi mzuri hubaki na fedha yake, na ugomvi wa kuthibitisha nani aliua unapungua.

Je, utaratibu huo unaweza kupandwa Ankole? Si moja kwa moja. Malipo ya Uswidi hupokelewa na jumuiya inayomiliki haki ya malisho kwa pamoja, ilhali ranchi nyingi zinazopakana na Mburo ni mali ya mtu mmoja mmoja. Chui analala kwa mmoja, anazaa kwa wa pili na kula mbuzi wa tatu. Pasipo chama cha wafugaji kinachoaminika, fedha itakwenda kwa mwenye kamera nyingi. Hata hivyo asilimia 20 ya viingilio vya hifadhi, ambayo kisheria hurudishwa kwa jamii jirani, ingeweza kutumika kwa majaribio madogo.

Ugumu ni mkubwa zaidi Nakivale, makazi ya wakimbizi yaliyopo tangu mwishoni mwa miaka ya 1950. Ziwa lake liko katika ardhioevu moja na Mburo, iliyoorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mwaka 2006. Mkimbizi hupewa kipande cha kulima, si hati. Kiboko akila mahindi yake, mlalamikaji ni nani mbele ya sheria? Na atalalamika kwa lugha gani? Kiswahili, lugha rasmi ya pili ya Uganda kikatiba tangu 2005, ndicho kinachowaunganisha Wakongo, Warundi na wengineo Nakivale, na hata Nyamityobora mjini Mbarara. Fomu ya madai ikiwa ya Kiingereza peke yake, taarifa hupitia kwa mkalimani. Na kwa kuwa wasemaji wengi huchanganya chui na duma, kosa dogo la jina huzaa takwimu ya mnyama asiyekuwepo Mburo kabisa. Fomu ya Kiswahili yenye picha za wanyama na za nyayo zao haina gharama kubwa, nayo inaweza kuanza kutumika kabla ya mjadala wa malipo haujaisha.