Herufi 9, sekunde 30

Haya, chukua kalamu. Herufi ni hizi: T, N, A, U, E, C, D, I, O. Tafuta neno refu la Kiingereza, kila herufi uitumie mara moja tu. Una sekunde 30. Simu iache hapo hapo ilipo!

Umepata nini? "Dance"? Sawa, herufi 5. "Action"? Umepanda, 6. "Auction"? Vizuri sana, 7. Lakini humo ndani kuna maneno matatu yanayozimaliza herufi zote 9. Subiri kidogo, tutayafikia.

Kwa sisi tuliokulia Uingereza, mchezo huu ni Countdown, kipindi kilichofungua matangazo ya Channel 4 tarehe 2 Novemba 1982. Mshindani anaomba irabu (a, e, i, o, u) au konsonanti mpaka herufi zifike 9, kisha saa inaanza. Neno la herufi 8 lina pointi 8, ila ukizimaliza zote 9 unapewa 18. Nyie wa Marekani mna Spelling Bee ya gazeti la New York Times: herufi 7, na ile ya katikati lazima iwemo katika kila neno. Scrabble nayo ipo kila mahali: ukiziweka ubaoni herufi zako zote 7 kwa mkupuo mmoja, unaongezewa pointi 50. Michezo mitatu, dawa moja.

Wengi wanadhani dawa yenyewe ni kujua maneno magumu. Wala! Dawa ni kujua neno linakatika wapi.

Turudi kwenye herufi zetu. Anza na mkia. Kiingereza kina mikia inayojirudia kila siku: -ing, -ed, -er, -ness, -ment, -able, -tion. Ukiona mmoja, uweke kando uangalie kilichobaki. Hapa T-I-O-N zipo. Zitoe, zinabaki U, A, E, C, D. Zizungushe kidogo, unapata "educa". Rudisha mkia: "education". Sasa jaribu mkia mwingine, E-D. Ukiutoa zinabaki herufi 7, na ndani yake kuna "caution". Rudisha mkia: "cautioned". Herufi hizo hizo 7 ndizo zilizokupa "auction", kwa hiyo na "auctioned" imo. Matatu hayo.

Baada ya mkia, angalia kichwa: re-, un-, dis-, over-, out-. Kisha tafuta herufi zinazopenda kutembea pamoja, kama S na H, T na H, C na K. Q karibu kila mara hufuatwa na U. Ukikwama kabisa, ziandike herufi kwa duara badala ya mstari. Mstari unalidanganya jicho: ukishaona neno moja, mengine yanajificha. Jaribu na A, E, I, N, R, S, T. Humo kuna "retains", "nastier", "retinas" na "stainer".

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa ndipo Kiswahili kinapoingia.

"Unbreakable" ina herufi 11. Ikate: un, break, able. Sasa mtu akikwambia sahani hii haivunjiki, amefanya kazi ile ile. Ha inakataa, i ni hiyo sahani, vunj ni tendo lenyewe, ik inasema kama jambo linawezekana, na i ya mwisho inafunga kule kukataa. Au chukua "hawatatukumbuka". Herufi 15, inajaza mstari mzima wa ubao wa Scrabble! Lakini mtoto wa miaka 4 anaielewa bila kusita, kwa sababu hakuimeza nzima. Amesikia ha, wa, ta, tu, kumbuka. Yaani amelikata neno kichwani bila hata kujua kwamba anakata.

Ndiyo maana kuna jambo linaniudhi mpaka leo. Nilipokuwa darasa la pili, mwalimu alimwita Mama akamshauri tuache Kiswahili nyumbani, eti kinakula nafasi ya Kiingereza. Najua wazazi wa wengi wenu waliambiwa hivyo hivyo. Wengine walitii, na leo mtoto wao akipokea simu ya bibi ni "shikamoo" halafu kimya. Mama hakutii. Alisema, "Kiingereza atakiokota barabarani. Hiki asipokipata kwangu, atakipata wapi?"

Sisemi Kiswahili kitakupa kombe la Countdown. Kama hulijui neno "caution", hutaliona hata ukipewa saa nzima. Ninachosema ni kwamba yule aliyezoea kusikia vipande ndani ya neno refu ana mazoezi ambayo mwenzake anaanza kuyatafuta ukubwani. Nikiangalia herufi 9 sioni herufi 9. Naona vipande viwili au vitatu. Na mazoezi hayo niliyapata sebuleni kwetu.

Halafu kuna kisa cha Nigel Richards wa New Zealand. Mwaka 2015 alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kifaransa, na Kifaransa hakijui! Alikariri maneno yaliyo kwenye orodha, basi. Maneno anayo, mazungumzo hana. Sisi wengi wetu ni kinyume chake. Sebuleni tunaelewa kila kitu, utani, mafumbo, hata matusi. Lakini tukitakiwa kumwandikia shangazi ujumbe wa mistari miwili, tunatuma emoji. Sisi mazungumzo tunayo, herufi ndizo hatujazipanga. Na kazi hiyo ni rahisi kuliko ya Richards, maana tunachokipanga tunakijua tayari.

Basi wiki hii jaribuni hili nyumbani. Wewe chukua "act" kwa Kiingereza: action, react, inaction, reactivate. Mzee wako mpe "ona": onana, onea, onekana, onyesha. Mnakwenda zamu kwa zamu, kila mtu anaongeza kipande mbele au nyuma na anaandika neno lake kwenye karatasi. Anayekwama anachemsha chai. Nilipocheza na Mama, aliniandikia "hatutaonyeshana". Nikahesabu: herufi 15. Chai nilichemsha mimi.

Tuleteeni neno lenu refu kuliko yote, la Kiswahili au la Kiingereza, pamoja na vipande vyake. Tutayasoma kwenye kipindi kijacho.